Jinsi ya Kufunga Mishahara ya Mwezi Uganda: Mwongozo Kamili kwa Afisa Mishahara Anayeanza

Wanaoanza kazi hii huniuliza swali lilelile kila mwezi: PAYE (kodi inayokatwa kwenye mshahara) niliyokata haifanani na ile inayotokea ninapojaza ritani, yaani taarifa ya kodi ya kila mwezi, ya URA (Mamlaka ya Mapato Uganda), nimekosea wapi? Mara nyingi hawajakosea hesabu hata kidogo. Wamechukua kiolezo cha Excel mtandaoni, kizuri, chenye rangi na fomula zote, ila kimetengenezwa Nairobi au Dar es Salaam. Huko mchango wa hifadhi ya jamii huondolewa kwanza, ndipo kodi inakokotolewa kwenye kinachobaki. Uganda PAYE hukokotolewa kabla mchango wa NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii) haujaondolewa, na mchango huo haupunguzi kodi.

Kosa hilo moja linatosha kuharibu mwezi mzima. Lakini hata ukilirekebisha, utagundua kwamba hesabu ndiyo sehemu nyepesi ya kazi. Kinachowaangusha wengi ni karatasi: barua ya ajira iliyochelewa, saa za ziada zisizo na saini, namba ya akaunti iliyobadilishwa kwa simu. Mwongozo huu unafuata mwezi mmoja wa kazi kuanzia rejista hadi ritani.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Usifungue Excel kabla ya kukusanya hivi:

- Mkataba au barua ya ajira ya kila mfanyakazi, yenye mshahara wa msingi na posho zilizoandikwa kwa tarakimu.
- Nakala ya kitambulisho cha taifa, namba ya mlipakodi (TIN), namba ya NSSF, na namba ya akaunti ya benki au ya simu iliyosajiliwa kwa jina lake mwenyewe.
- Idhini ya kuingia kwenye tovuti ya URA na ya NSSF kwa jina la kampuni. Idhini iwe yako, si ya aliyekutangulia.
- Orodha ya mishahara ya mwezi uliopita, iliyosainiwa.
- Daftari la mahudhurio, fomu za likizo na fomu za saa za ziada.
- Barua za mikopo na za SACCO zenye saini ya mkopaji.
- Sera ya kampuni kuhusu siku za kazi: je, mwezi mnauhesabu kwa siku 26 au 30? Kama haijaandikwa, iandikwe sasa. Chagueni moja mbaki nayo.

Kompyuta iwe na nywila. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inahusu faili lako moja kwa moja, kwa sababu limebeba vitambulisho, akaunti na madeni ya watu. Faili la mishahara lililoachwa wazi wakati wa chai ya saa nne litakuwa limesomwa na ofisi nzima kabla ya chakula cha mchana.

## Hatua ya 1: Tengeneza rejista, kisha ifunge

Rejista ni orodha ya wafanyakazi yenye taarifa zisizobadilika kila mwezi: jina kama lilivyo kwenye kitambulisho, tarehe ya kuajiriwa, cheo, mshahara wa msingi, TIN, NSSF na akaunti. Iwe kwenye karatasi yake ya Excel, na hesabu za mwezi zichukue taarifa kutoka humo. Usiandike jina upya kila mwezi. Ukiandika upya, siku moja utakuwa na Okello mmoja mwenye namba mbili za NSSF, na michango yake itagawanyika asijue hadi siku ya kudai.

Kwa nini uifunge: wafanyakazi hewa huingilia hapa. Mtu anayeongeza jina kwenye rejista asiwe yule anayelipa. Ofisi ya rasilimali watu ilete barua, wewe uingize, mtu wa tatu aidhinishe. Ofisi yenye mhasibu mmoja tu haina watu watatu, najua. Basi mwenye kampuni aione rejista kila mwezi na kuweka saini kando ya kila jina jipya.

Onyo: usibadilishe akaunti ya mtu kwa ujumbe wa WhatsApp au barua pepe, hata ukiwa umetoka kwenye namba unayoijua. Mwite aje, au mpigie mwenyewe, na ubaki na fomu aliyoisaini. Huu ndio utapeli unaozipata ofisi nyingi za mishahara duniani, na unafanikiwa kwa sababu afisa alitaka kumsaidia mtu haraka.

Umefaulu ikiwa: idadi ya majina kwenye rejista inalingana na idadi ya watu unaoweza kwenda kuwaonyesha kwa kidole kazini, pamoja na walio likizoni kwa barua.

## Hatua ya 2: Weka tarehe ya mwisho ya kupokea karatasi

Kama mnalipa tarehe 28, funga kupokea karatasi tarehe 20. Itangazwe kwa wakuu wote wa idara na ibandikwe ukutani. Karatasi inayokuja tarehe 21 inaingia mwezi ujao.

Utaonekana mgumu. Msimamizi wa ghala atakuja tarehe 25 na bahasha ya saa za ziada, anacheka, anakuita "bosi wangu". Ukimpokea yeye, mwezi ujao watakuja watano, na utakuwa unarudia hesabu usiku wa kuamkia siku ya malipo. Makosa mengi ninayoyaona kwenye faili za watu yameingizwa baada ya hesabu kukamilika: mstari mmoja umeongezwa, jumla haikusogea.

Zipo sababu mbili tu za kufungua tena: mtu amefariki au ameachishwa kazi, na mtu ambaye angelipwa sifuri kwa kosa la ofisi.

## Hatua ya 3: Pata mshahara ghafi

Anza na mshahara wa msingi, ongeza posho, ongeza saa za ziada, ondoa siku ambazo mtu hakuja bila ruhusa.

Sheria ya Ajira ya 2006 inaweka saa 48 kwa wiki. Zinazozidi hulipwa mara moja na nusu siku ya kawaida, na mara mbili siku ya sikukuu ya kitaifa. Chukua mfanyakazi wa mshahara wa msingi wa 416,000 kwa mwezi wa siku 26. Kwa siku anapata 16,000, kwa saa 2,000. Saa yake ya ziada ni 3,000, na akifanya saa 10 anaongezewa 30,000. Tarehe 9 Oktoba akiwa zamu, saa hiyo ni 4,000.

Likizo ya mwaka, siku 21, hulipwa kamili. Likizo ya uzazi ni siku 60 za kazi na inalipwa. Baba ana siku 4 za kazi. Usimkate mama aliyejifungua "kwa sababu hakuwepo". Nimeona faili za namna hiyo.

Posho ndizo zinazochanganya watu. Posho ya nyumba na posho ya nauli ya kila siku kutoka nyumbani kwenda kazini ni sehemu ya kipato, zinatozwa kodi. Posho ya safari ya kikazi, kama ile anayopewa dereva wa lori anayelala Malaba akisubiri forodha, haitozwi mradi iwe ya kiasi kinachoeleweka na iwe kwa kazi kweli. Kampuni ikiita nusu ya mshahara "posho ya safari" kwa mtu asiyetoka ofisini, URA wataihesabu kama mshahara, na deni litakuwa la mwajiri.

Kisha kuna faida zisizo za fedha taslimu. Meneja anayekaa nyumba ya kampuni ana faida inayotozwa kodi: chukua kiasi kilicho kidogo kati ya kodi ya pango ya soko na 15% ya kipato chake cha ajira, kipato hicho kikijumuisha faida yenyewe. Gari la kampuni analolitumia kwa mambo yake nalo lina hesabu yake. Mkopo wa mwajiri unaozidi shilingi milioni moja kwa riba ya chini nao ni faida. Hayo yote yaweke kwenye safu yake peke yake, kwa sababu yanaongeza kodi bila kuongeza fedha anayopokea.

Umefaulu ikiwa: unaweza kuchukua mstari wowote, ukauliza "hii 30,000 imetoka wapi?", na ukatoa karatasi yenye saini ndani ya dakika moja.

## Hatua ya 4: Makato ya kisheria, kwa mpangilio sahihi

Hapa ndipo vile violezo vya jirani vinapotupotosha. Soma polepole.

### PAYE

Kwa mkazi wa Uganda, viwango vya mwezi ninavyovitumia hapa ni hivi:

- Hadi 235,000: hakuna kodi.
- Zaidi ya 235,000 hadi 335,000: 10% ya kinachozidi 235,000.
- Zaidi ya 335,000 hadi 410,000: 10,000 jumlisha 20% ya kinachozidi 335,000.
- Zaidi ya 410,000: 25,000 jumlisha 30% ya kinachozidi 410,000.
- Anayepata zaidi ya 10,000,000: ongeza 10% nyingine kwenye kile kinachozidi hizo milioni 10.

Bajeti husomwa Juni na sheria za kodi huanza tarehe 1 Julai. Kwa hiyo kila mwaka, kabla ya mishahara ya Julai, linganisha viwango vilivyo kwenye faili lako na vilivyo kwenye tovuti ya URA. Viweke kwenye visanduku vyake, usivizike ndani ya fomula. Vikibadilika utabadilisha mahali pamoja.

Asiye mkazi ana jedwali lake, na hapewi ile sehemu ya 235,000 isiyotozwa. Na mtu ambaye wewe ni mwajiri wake wa pili, naye usimpe nafuu hiyo mara ya pili. Muulize kwa maandishi siku anapoajiriwa.

### NSSF

Mfanyakazi anakatwa 5% ya mshahara ghafi. Mwajiri anaongeza 10% kutoka mfukoni mwake. Jumla 15% inaenda NSSF. Tangu marekebisho ya sheria ya 2022, mwajiri analazimika kuchangia hata kama ana mfanyakazi mmoja tu. Wenye maduka wengi bado wanazungumzia "watu watano", hilo limepita.

Ile 10% haikatwi kwa mfanyakazi. Ukiona mkataba unaosema "mwajiriwa atachangia 15%", usiuingize kwenye mfumo. Upeleke kwa mkuu wako.

### Kodi ya huduma za mitaa

Hii, kwa kifupi LST, hukatwa miezi minne tu, Julai hadi Oktoba, kwa awamu nne sawa. Kiwango cha mwaka hutegemea mshahara unaobaki baada ya PAYE. Anayebaki na zaidi ya 200,000 hadi 300,000 hulipa 10,000 kwa mwaka. Wa kati ya 700,000 na 800,000 hulipa 70,000. Anayezidi 1,000,000 hulipa 100,000. Fedha zinaenda kwa serikali ya mtaa: KCCA (mamlaka ya jiji) kwa Kampala, au jiji, manispaa na wilaya husika kwingineko. Kama uko Namanve, hakikisha kwanza kiwanda chenu kiko upande gani, maana eneo lile limekaa kati ya Wakiso na Mukono, na risiti ya upande usio wako haitakusaidia.

Tofauti na NSSF, kodi hii hupunguza kipato kinachotozwa PAYE katika mwezi iliyokatwa.

Mgeni anayejiunga nanyi Septemba huenda alishakatwa awamu mbili kwa mwajiri wa zamani. Mwombe hati zake za mshahara za Julai na Agosti kabla ya kumkata upya.

### Mfano mmoja, mwanzo hadi mwisho

Fundi ana mshahara wa msingi wa 800,000, posho ya nyumba 120,000 na nauli 80,000. Ghafi: 1,000,000.

Novemba:

- PAYE: 1,000,000 toa 410,000 ni 590,000. Asilimia 30 yake ni 177,000. Jumlisha 25,000, unapata 202,000.
- NSSF 5%: 50,000.
- Mkononi: 748,000.
- Kampuni inalipa NSSF 100,000 juu yake, kwa hiyo fundi huyu anaigharimu 1,100,000.

Julai:

- Kodi ya mitaa: 70,000 gawa kwa 4 ni 17,500.
- Kinachotozwa PAYE: 982,500. PAYE ni 25,000 jumlisha 30% ya 572,500, yaani 196,750.
- NSSF: 50,000 ileile.
- Mkononi: 735,750.

Sasa weka kiolezo cha jirani. Kingetoa NSSF kwanza, kibaki na 950,000, na PAYE ya Novemba ingekuwa 187,000. Pungufu ni 15,000. Kwa mafundi 40 wa mshahara huo ni 600,000 kwa mwezi, 7,200,000 kwa mwaka, na deni hilo si la mafundi. Mwajiri asiyekata kodi inavyotakiwa anadaiwa yeye mwenyewe, pamoja na riba ya 2% kwa mwezi. Kumrudia mfanyakazi mwaka mmoja baadaye umwambie umemlipa zaidi ni mazungumzo ambayo hutayapenda.

Umefaulu ikiwa: umechukua watu watatu, mmoja wa mshahara mdogo, mmoja wa kati na mmoja wa juu, ukawahesabu kwa kalamu na karatasi, na majibu yakafanana na Excel hadi shilingi ya mwisho. Kwa jaribio: ghafi ya 300,000 isiyo na kodi ya mitaa itoe PAYE 6,500, NSSF 15,000 na mkononi 278,500. Ghafi ya 12,000,000 itoe PAYE 3,702,000. Ukipata 3,502,000, umesahau ile 10% ya juu.

## Hatua ya 5: Makato ya hiari

SACCO, mkopo wa benki, advansi, mchango wa msiba. Kila moja iwe na barua yenye saini ya anayekatwa, kiasi cha mwezi na mwezi wa mwisho. Bila saini usikate, hata meneja akisema "ameshakubali".

Weka safu ya salio la deni inayopungua yenyewe. Mikopo iliyokwisha ndiyo inayoleta ugomvi: mtu amemaliza Machi, unamkata hadi Mei.

Angalia pia kinachobaki. Kama makato yote kwa pamoja yanamwachia chini ya theluthi moja ya mshahara, simama umwambie mkuu wako kabla ya kupitisha. Mtu anayepokea 60,000 mwisho wa mwezi ataomba advansi tarehe 5.

## Hatua ya 6: Linganisha na mwezi uliopita

Ukiwa na muda wa kufanya hatua moja tu vizuri, fanya hii.

Fungua karatasi mpya. Safu ya kwanza jina, ya pili mkononi mwezi uliopita, ya tatu mkononi mwezi huu, ya nne tofauti, ya tano sababu. Kila tofauti isiyo sifuri lazima iwe na sababu iliyoandikwa kwa maneno: "saa za ziada 10, fomu na. 14", "mkopo umekwisha", "amepandishwa cheo, barua ya tarehe 3". Usiandike "marekebisho". Neno hilo halielezi chochote.

Kisha fanya ulinganisho wa watu: waliokuwepo mwezi uliopita, ongeza walioingia, toa walioondoka, upate waliopo. Mwezi uliopita 112, wameingia 4, wameondoka 3, wapo 113. Kama Excel inasema 114, usiendelee. Mtafute huyo mmoja.

Mwisho, jumla kwa jumla. Ghafi toa makato yote iwe sawa na mkononi. NSSF ya wafanyakazi iwe 5% ya ghafi ya fedha, ukivumilia shilingi chache za kukadiria. Jumla ya PAYE ifanane na jedwali la ritani.

Ninachokitazama kwanza nikipewa faili la mtu mwingine ni wale ambao mishahara yao haikubadilika wakati ilipaswa kubadilika. Aliyekuwa likizo bila malipo siku 10 na bado anapokea kamili. Aliyeacha kazi katikati ya mwezi. Watu hutafuta kilichosogea, lakini wizi na uzembe mara nyingi hukaa kimya mahali pasiposogea.

Umefaulu ikiwa: mkuu wa fedha anaweza kusoma karatasi hiyo peke yake, bila wewe kuwepo, na asiwe na swali.

## Hatua ya 7: Saini na malipo

Chapa orodha, wewe saini kama mtayarishaji, mwingine asaini kama mkaguzi, wa tatu kama mwidhinishaji. Faili la benki litengenezwe kutoka kwenye orodha iliyosainiwa, si kutoka kwenye ile uliyoendelea kuigusa. Jumla ya faili la benki ifanane na jumla ya mkononi iliyosainiwa. Rahisi hivyo, na bado watu huiruka.

Vibarua wengi hulipwa kwa MTN MoMo au Airtel Money. Jaribu namba kwa kuangalia jina linalojitokeza kabla ya kutuma. Likiwa la shemeji yake, rudi kwenye fomu. Amueni mapema nani anabeba ada ya kutolea, maana kuna ada ya kampuni ya simu na kuna kodi ya serikali ya 0.5% ya kiasi kinachotolewa. Kibarua aliyeahidiwa 150,000 anategemea 150,000 mkononi.

Na kuhusu vibarua: kwa kanuni za ajira za 2011, mtu hawezi kubaki kibarua kwa zaidi ya miezi minne. Jina likikaa kwenye orodha ya vibarua mwezi wa tano, wajulishe ofisi ya rasilimali watu kwa maandishi kwamba anadaiwa mkataba.

## Hatua ya 8: Hati ya mshahara, na watu mlangoni

Sheria ya Ajira inampa kila mfanyakazi haki ya hati inayochanganua malipo yake, kwa maandishi na kwa namna anayoweza kuielewa. Iwe na ghafi, kila kato kwa jina lake, na mkononi. Ile 10% ya mwajiri nayo iandike chini, kando. Inapunguza maswali mengi.

Jitayarishe kwa Julai. Siku ya malipo, saa mbili asubuhi, mlinzi wa lango atasimama mlangoni na simu mkononi:

"Mkubwa, pesa yangu imepungua. Nimefanya kosa gani?"

Usimwambie "ni LST" ukarudi kwenye kompyuta. Mwonyeshe mstari kwenye hati, mwambie ni kodi ya mtaa, itakatwa miezi minne, Novemba itaondoka. Afadhali zaidi, bandika tangazo wiki ya kwanza ya Julai kwa Kiswahili, Kiingereza na Luganda au lugha ya eneo lenu. Maswali ya mlangoni ni sehemu ya kazi hii, na afisa asiyeyavumilia atafute kazi ya ukaguzi.

Usimjibu mtu kuhusu mshahara wa mwenzake. Hata kwa utani.

## Hatua ya 9: Ritani kabla ya tarehe 15

PAYE na NSSF za mwezi mmoja hutakiwa kufika kabla ya kupita tarehe 15 ya mwezi unaofuata. Kwa PAYE: pakua jedwali la ritani kutoka tovuti ya URA, lijaze kwa kunakili tarakimu tupu bila fomula, lihakiki, lipakie, kisha tengeneza namba ya malipo na ulipe benki. Kwa NSSF: pakia orodha ya michango, pata namba ya malipo, lipa.

Kuwasilisha ritani bila kulipa, au kulipa bila kuwasilisha, yote mawili ni kosa. Na kulipa NSSF bila kupakia orodha kunaziacha fedha zikiwa hazina wenyewe. Mfanyakazi akiangalia salio lake haoni kitu, na atakuja kwako.

Usisubiri tarehe 15. Siku hiyo kila ofisi ya Kampala iko kwenye tovuti ileile. Mimi huweka tarehe 10.

Weka risiti zote pamoja na orodha iliyosainiwa kwenye faili moja la mwezi, na nakala rudufu nje ya ofisi. Sheria ya taratibu za kodi inataka kumbukumbu zitunzwe miaka 5.

## Mtu anapoondoka

Malipo ya mwisho hayangojei mwisho wa mwezi kama mengine. Hesabu siku alizofanya kazi, siku za likizo ambazo hakuchukua, na malipo ya notisi kama hakupewa muda: wiki mbili kwa aliyefanya kazi kati ya miezi sita na mwaka, mwezi mmoja kwa aliyefikisha mwaka hadi miaka mitano, miezi miwili kwa aliyefikisha miaka mitano lakini hajafikisha kumi, mitatu kwa aliyefikisha kumi au zaidi. Toa madeni aliyoyasaini. Kwa fidia ya kukatishwa ajira, aliyetumikia miaka 10 au zaidi anasamehewa kodi kwenye robo ya fidia hiyo. Siku hiyohiyo mtoe kwenye rejista, si "mwezi ujao".

## Kuipata kazi yenyewe

Wengi tuliingia kwa mlango wa nyuma, kama wasaidizi wa uhasibu waliopewa mishahara kwa sababu hakuna aliyeitaka. Bado ni njia nzuri. Shahada ya biashara au uhasibu ya chuo cha biashara cha MUBS au Chuo Kikuu cha Kyambogo inafungua mlango, na mitihani ya ICPAU (taasisi ya wahasibu Uganda), ya stashahada ya mafundi uhasibu au CPA kamili, inakupandisha. Ukitokea upande wa rasilimali watu, jifunze kodi. Ukitokea uhasibu, isome Sheria ya Ajira mwenyewe, usisimuliwe.

Kazi ziko kwenye viwanda vya Jinja na Namanve, mashamba ya chai na miwa, shule kubwa, mashirika yasiyo ya kiserikali, benki, na kampuni zinazofanya mishahara ya wengine kwa mkataba. Serikalini utaingia kwenye HCM, mfumo wao wa kompyuta wa watumishi na mishahara, na uhuru wako wa kutengeneza majedwali utakuwa mdogo zaidi.

Kwenye usaili, jiandae kupewa faili la watu thelathini au arobaini lenye makosa yaliyopandwa makusudi: akaunti moja yenye majina mawili, aliyeondoka bado analipwa, NSSF iliyotolewa kabla ya PAYE. Usianze kurekebisha fomula. Omba kwanza orodha ya mwezi uliopita, kisha fanya Hatua ya 6. Wakikuambia hawana, andika hilo juu kabisa ya majibu yako.